Kabla ya kuagiza bunduki ya kuuza Mwanza, anza na sheria

Vijana wanaotaka kuingia kwenye biashara ya silaha za kuwindia hapa Mwanza huja na swali la bei. Ulaya inauzwaje, usafiri kiasi gani, forodha watachukua ngapi, kinabaki nini. Nimeshughulikia makaratasi ya duka la silaha mjini kwa miaka mingi, vibali, leja na mizigo, na ninawaambia wote: bei iache kwanza. Umbo la bunduki unayoiona kwenye katalogi, idadi ya risasi inazobeba, hata unene wa risasi yenyewe, mara nyingi viliamuliwa na sheria ya nchi fulani. Sheria hiyo ikibadilika, bidhaa nayo hubadilika, na pengine wewe umeshalipa.

Ushahidi tunao huku huku ziwani. Wakati wa uhakiki wa silaha, mzee mmoja wa Ukerewe alikuja dukani na gobore la marehemu baba yake, lile la kupakia kwa mbele mdomoni, tumsaidie kujaza fomu. Mtutu mrefu kumpita mtoto wa darasa la nne, ndani laini kabisa bila michirizi ya kuizungusha risasi, kitako kimekazwa kwa waya wa shaba mahali kilipopasuka. Kijana wetu wa kaunta akashangaa: kwani bunduki za kupakia nyuma hazikuwepo enzi hizo? Zilikuwepo tena nyingi. Ila Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa katika eneo lote la Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Mwanza, Bukoba, Musoma, zote zimo humo. Kilichoachiwa mlango, kwa ruhusa ya watawala, ni gumegume, bunduki ya kuwashwa kwa cheche za jiwe, lisilo na michirizi, na baruti ya kawaida. Viwanda vya Birmingham na Liège vilikuwa na ujuzi wa kutengeneza silaha bora zaidi, lakini viliendelea kuunda magumegume kwa ajili ya Afrika, kwa kuwa hilo ndilo soko lililokubaliwa. Wahunzi wetu nao wakaiga walichokiona. Watu husema gobore ni dalili kwamba babu zetu walikuwa nyuma. Mimi huwa nakataa kwa nguvu zote. Waliuziwa walichoruhusiwa kuuziwa.

Mfano wa pili unamhusu mfanyabiashara moja kwa moja. Wageni wanaopita kwetu kwenda kuwinda Maswa huwa wanapenda bunduki ya mitutu miwili ya .470; namba hizi hutaja kipenyo cha risasi kwa sehemu za inchi. Mwanzoni iliyotamba ni .450, iliyotolewa na John Rigby mwaka 1898. Serikali ya Uingereza ikaja kuzuia kipenyo hicho India na Sudan, ikihofia risasi zake zisiishie kwenye Martini-Henry, bunduki za zamani za jeshi lake, zilizokuwa mikononi mwa waasi. Kufikia 1907 mafundi wa Uingereza walikuwa na mbadala mkononi: .470, kisha .465 ya Holland & Holland, na .476 ya Westley Richards. Nguvu karibu ile ile, tofauti ni kipenyo. Mwindaji hakupungukiwa na kitu. Aliyeumia ni mwenye duka aliyekuwa na rafu imejaa .450. Na katika hizo mpya, .470 ndiyo iliyoshika soko, leo ukirithi .465, risasi zake utaziagiza mbali na utazilipia kweli kweli.

Hapo ndipo ushauri wangu wa kwanza unapotoka: usifuate uzuri wa bunduki, fuata risasi inayopatikana. Ukiwa na .375, .30-06 na shotigani ya namba 12 umehudumia wateja wengi wa kanda hii. Kwa nyati, .375 ndiyo kiwango cha chini nchini, kwa hiyo haitakulalia.

Mtego mkubwa zaidi ni bunduki zilizotumika kutoka Ufaransa. Hadi 2013 sheria yao iliweka risasi za kijeshi kwenye kundi gumu, hata kama bunduki ni ya kuwindia. Kwa hiyo mwindaji wa kule alitengenezewa bunduki ya 7x64 au 8x60S (kipenyo cha risasi na urefu wa ganda lake, kwa milimita) badala ya .30-06 au 8x57. Sheria ilipolegezwa mwaka huo, sababu ya kung'ang'ania vipenyo hivyo ikaisha. Mteja mmoja alituletea bunduki ya namna hiyo, mbao safi, chuma kinang'aa, akitaka tumuuzie risasi za 8x57. Nikaigeuzia dirishani, nikamwonyesha maandishi madogo pembeni mwa mtutu: 8x60S. Akasema tofauti ni milimita tatu tu. Nilimkatalia, na ningemkatalia hata leo. Chemba, pale risasi inapokaa ndani ya bunduki, si mahali pa kukisia, uso wa mtu uko karibu mno na chuma hicho.

Marekani nitapita haraka, maana silaha zao nyingi za kujipakia zenyewe hazituhusu. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2009 inazibana sana kwenye uwindaji. Lakini jua kwamba mwaka 1989 walizuia kuingiza aina 43 za bunduki hizo, na kiwanda cha Kichina kikarudi na MAK-90: kishikio kimeondolewa, kitako kimetobolewa tundu la kidole gumba, mahali pa kufungia singe pamekatwa. Mashine ndani ni ile ile. Mwaka 1994 bunduki nyingi za China zikazuiwa kuingia, na waliojenga biashara juu ya mfano huo mmoja wakabaki na vipeperushi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, picha ya katalogi isikutume. Mwandikie muuzaji akutumie profoma, yaani ankara ya awali, yenye kipenyo kamili, urefu wa mtutu, idadi ya risasi, nchi iliyotengenezwa na mwaka. Muulize kama mfano huo bado unatengenezwa au anamaliza stoo, na vipuri vyake vitapatikana wapi. Karatasi hiyo ipeleke polisi kwa msajili kabla ya kutuma hata shilingi ya amana, uulize kama inaingia chini ya sheria ya silaha ya 2015 na kama leseni yako inairuhusu. Jibu lichukue kwa maandishi, lenye muhuri. Kisha agiza chache, pamoja na risasi zake kwenye kibali hicho hicho kama utakubaliwa, maana bunduki ikifika Mwanza bila risasi hakuna atakayeilipia.