Je, kuna faida kuhifadhi mbegu za bustani?

Dada, umeuliza kama kuna haja ya kuhifadhi mbegu za mchicha na nyanya wakati pakiti zipo dukani. Ipo, tena kubwa. Shina moja la mchicha likikomaa linatoa maelfu ya mbegu. Pukuta kwenye ungo, pepeta, umemaliza. Zaidi ya kuokoa pesa, unachagua mwenyewe: chukua mbegu kwenye mmea uliostahimili jua na wadudu wa hapo kwako. Na mbegu za mnavu au mgagani si kila duka linazo.

Nyanya, kamua mbegu na ute wake, acha kwenye kikombe siku 2 au 3 zichachuke, suuza, anika kivulini. Ila mbegu za chotara (F1, yaani zilizotokana na kuchanganya aina mbili) usihifadhi, watoto hawatafanana na mama.