Maswali ya Wasomaji: Mfuko umekua asilimia 10, mbona mimi nimepata 7?

SWALI: Nauza dagaa Kibirizi, Kigoma. Mwanzoni mwa Januari niliweka shilingi 1,000,000 kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kipande (sehemu moja ya mfuko) kikiwa shilingi 400. Mwanzoni mwa Julai nikaongeza 1,050,000 kwa bei ya 420. Mwisho wa Desemba kipande kilikuwa 440 na salio langu 2,200,000. Wanasema mfuko umekua asilimia 10. Nikipiga hesabu napata asilimia 7 na kidogo. Nimepunjwa?

JIBU: Hujapunjwa, dada. Anza na vipande, maana ndivyo unavyomiliki. Januari ulipata 2,500 (1,000,000 kugawa kwa 400), Julai 2,500 vingine. Jumla 5,000, mara 440, ni 2,200,000. Salio ni sahihi. Umetoa mfukoni 2,050,000, kwa hiyo faida ni 150,000.

Asilimia 10 ni ya kipande kutoka 400 hadi 440, yaani ya shilingi iliyokaa mwaka mzima. Wewe umegawa 150,000 kwa fedha zote, kana kwamba ile ya Julai nayo ilifanya kazi tangu Januari. Gunia ulilonunua Julai hulidai faida ya Januari. Fedha ya Julai imekaa nusu mwaka, basi ihesabu nusu: 1,000,000 jumlisha 525,000 ni 1,525,000. Gawa 150,000 kwa hiyo, unapata asilimia 9.8 hivi.

Kwa wafanyabiashara wa dagaa jambo hili ni kubwa, kwa sababu fedha huingia wakati wa giza, usiku usio na mwezi dagaa wanapovuliwa, na kukauka mbalamwezi. Kwenye daftari andika kila mara tarehe, kiasi, bei ya kipande na idadi ya vipande. Ukitoa fedha, andika vilevile. Bila tarehe, huwezi kujua fedha imekua kiasi gani.

Halafu angalia bei watakayokununulia vipande siku ya kutoa. Gharama za kuendesha mfuko huwa zimeshakatwa ndani ya thamani ya kipande, ila baadhi ya mifuko hukata tena unapotoka. Ikiwa ni asilimia 1, 440 inakuwa 435.60, na utapokea 2,178,000. Faida inashuka hadi 128,000. Hiyo ndiyo ya kuilinganisha na riba ya benki.

Usisahau bei za sokoni. Kipande kikipanda asilimia 10 na bidhaa zikapanda 3, nguvu ya fedha yako imeongezeka asilimia 6.8 tu.

SWALI: Niko Ujiji. Ninunue mfuko wenye kipande cha bei ndogo ili nipate vingi?

JIBU: Wingi wa vipande haukuongezei kitu. Shilingi 100,000 ikikua asilimia 10 inakuwa 110,000, iwe ni vipande 100 au 1,000. Bei kubwa mara nyingi ni umri: Mfuko wa Umoja wa UTT, taasisi ya serikali inayoendesha mifuko ya aina hii, ulianza 2005, na wake wa Ukwasi 2013. Linganisha ukuaji wa kipindi kilekile, miaka mitatu au mitano, na kwa mfuko unaotoa gawio (sehemu ya faida wanayolipwa wawekezaji), rudishia gawio hilo kwenye hesabu. Bei ya kipande hushuka gawio linapotoka, na wengi huogopa wakauza siku hiyo bila sababu.