Usikariri kwamba "get" ni kupata

Nilipoingia kidato cha kwanza, mwalimu aliandika ubaoni: get, kupata. Nikanakili, nikakariri, na kwa miaka mingi sikujua maana nyingine.

Baadaye nikapata kazi mapokezi, kwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe, Unguja. Asubuhi moja nilikuwa namweleza mgeni utaratibu wa boti ya kwenda Dar es Salaam. Akaniambia, "Sorry, I don't get it." Mimi nikajua hajapata tiketi. Nikampigia simu wakala, nikamlaumu kwa kutoileta, kumbe tiketi anayo mgeni mkononi. Alichokuwa akisema ni kwamba hajanielewa. Wakala nilimwonea, na mgeni alifika bandarini dakika za mwisho kabisa.

Tangu siku ile nikawa naandika kila "get" niliyoisikia, pamoja na neno linaloifuata. Ushauri wangu wote umo humo: liangalie neno linalofuata. Likiwa kitu, maana ni kupata, kupokea, kununua au kuleta. "Get me a chair" ni niletee kiti. Likiwa mahali, ni kufika: "I got home at six", nilifika nyumbani saa kumi na mbili.

Linalotutatiza zaidi ni pale panapofuata sifa. Sisi tumejaliwa vitenzi kamili: kulowa, kuchoka, kukasirika, kuzeeka, kunenepa, kupona, kupotea. Kiingereza mara nyingi hutumia "get" na sifa yake: get wet, get tired, get angry, get old, get fat, get well, get lost. Kwa hiyo unapotaka kusema umelowa, usihangaike kutafuta kitenzi kimoja cha kulowa. Chukua "get", weka "wet", yaishe. Nilipolielewa hili nikaacha kuogopa kuzungumza, maana karibu kila badiliko la hali ya mtu nilikuwa na njia ya kulisema.

Halafu kuna kauli yetu ya kutendwa, ile -wa. Kulipwa ni "get paid", kuibiwa ni "get robbed", kufukuzwa kazi ni "get fired". Kuoa, kuolewa na kuoana, yote matatu, ni "get married". Angalia tu kwamba Mwingereza husema "married to", wala si "with", ingawa sisi tunasema fulani kaoana na fulani.

Kwenye usafiri, kariri jozi. Basi, treni, meli na ndege ni "get on" na "get off". Teksi au gari dogo ni "get in" na "get out". Kwetu yote ni kupanda na kushuka, ndiyo maana tunakosea. "Get over" na "get along" nazo huwezi kuzikisia kwa kutazama neno mojamoja. Ya kwanza ni kupona ugonjwa au kupoa machungu, ya pili ni kuelewana na mtu.

Anayeona Kiingereza kina vituko akumbuke "piga" yetu. Tunapiga simu, pasi, mswaki, picha, kura, magoti na hodi, na hakuna anayepigwa. Mgeni anayejifunza Kiswahili hana budi kujifunza "piga" pamoja na jirani yake, vilevile.

Kwenye barua ya kuomba kazi punguza "get". Andika "receive" kwa kupokea, "become" kwa kuwa, "obtain" kwa kupata cheti. "Get" ni ya mazungumzo zaidi, na barua ikiwa imejaa hiyo huonekana imeandikwa kwa haraka.

Moja ilinichukua muda mrefu: "I haven't got round to it." Nilitafuta kitenzi cha Kiswahili kinacholingana nayo nikakosa, mpaka nilipomsikia mama mmoja jirani akiulizwa kama ameshashona gauni la binti yake. Akajibu, "Sijapata wasaa." Ndiyo hiyo hiyo, na safari hii "pata" ya mwalimu wangu imo ndani.