Kifungo cha kutokwenda kwa mshindani

Ndugu, kifungo cha mkataba wa kazi kinachokukataza kufanya kazi kampuni nyingine ya klaringi (ya kutoa mizigo bandarini) kwa miezi 12 baada ya kuondoka si lazima kikufunge. Sheria ya Kenya ya Mikataba ya Kuzuia Biashara, Sura ya 24, haikifuti chenyewe, ila mahakama yaweza kukibatilisha kikiwa kimepita kiasi kwa muda, eneo au aina ya kazi. Changu kiliandikwa "Afrika Mashariki nzima", nami karani tu wa kujaza fomu za mizigo Kilindini! Wakili wangu aliwaandikia waajiri wangu barua moja, wakanyamaza. Lakini orodha ya wateja na bei zao usiondoke nayo, hata picha kwenye simu. Hapo ndipo watu huumia. Na notisi ya kuacha kazi, angalau siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, itoe kwa maandishi.