Sala ya jioni na watoto wanaosinzia

Dada, umesema wanao wana miaka 3 na 6, unafika nyumbani saa mbili usiku, na ukianza ibada mmoja kasinzia, mwingine anachezea kandambili. Pole, ila watoto hawana kosa. Nyimbo tatu, somo na maombi ya nusu saa baada ya kula? Hata mimi ningelala.

Igawe hiyo ibada. Kumbukumbu la Torati 6:7, kwenye Biblia, inasema watoto wafundishwe maneno ya Mungu wakati wa kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka, kwa hiyo si lazima yote yafanyike sebuleni usiku. Sisi tunashukuru wakati wa kunawa mikono: jagi linazunguka, na anayemwagiwa maji anataja kitu kimoja. Kitinda mimba wangu alishukuru kwa ajili ya kuku wa jirani wiki nzima. Tukaitikia amina kila siku. Usimsahihishe mtoto hapo.

Kitandani, chukua Zaburi 23. Ina mistari 6 tu, basi mstari mmoja kwa wiki, taa ikiwa imezimwa. Huyo wa miaka 6 ataushika kabla yako. Mdogo mwachie wimbo wa kupiga makofi, tena asubuhi akiwa na nguvu.

Kuhusu baba yao kutoshiriki, usimseme mbele yao. Mwombe tu awawekee mkono kichwani na kuwabariki wakitoka kwenda shule.

Siku ukirudi hoi, "Asante Yesu" moja inatosha, walale.