Maana ya andiko: ya mwandishi au ya msomaji?

SWALI: Naongoza kikundi cha kujifunza Biblia usharikani kwetu, Moshi. Tulipofika Yeremia 29:11, pale Mungu anaposema anawawazia watu wake mawazo ya amani na kuwapa tumaini, tuligawanyika. Wapo wanaoshikilia kwamba maana ni ile aliyoikusudia nabii, basi. Wengine wanasema kila msomaji hupewa yake. Wanafalsafa wanasemaje, na kikao kijacho nikiendesheje?

JIBU: Schleiermacher, mwanateolojia na mwanafalsafa wa Kijerumani, alitaka tuanze na lugha kama wasomaji wa kwanza walivyoielewa, tukipima kila sentensi kwa maandishi yote iliyomo, sambamba na kutafuta fikra za mwandishi. Gadamer, mwanafalsafa mwingine wa Kijerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1960, Ukweli na Mbinu, aliongeza kwamba hakuna asomaye akiwa mtupu: sote tunaingia na dhana tulizorithi. Ila hakusema kila dhana ni halali. Andiko linaweza kuikataa, na hapo ndipo kundi lako la pili linapoteleza.

Tuje kwa Yeremia. Msianze na mstari wa 11. Someni kwa sauti sura ya 28 yote, kisha 29:1–14. Haitachukua hata dakika kumi. Hanania, nabii aliyepingana na Yeremia, ametabiri kwamba utumwa wa Babeli utakwisha ndani ya miaka miwili (28:3). Yeremia anawaandikia mateka barua ya kupinga matumaini ya namna hiyo: ni miaka 70 (29:10), kwa hiyo jengeni nyumba, pandeni bustani, uombeeni amani mji uleule uliowateka. Watu wazima wengi waliosikia barua hiyo wangefia ugenini. Anayeung'ang'ania mstari wa 11 kama hakikisho la kupata kazi kabla ya Pasaka anamsoma Yeremia kwa masikio ya Hanania.

Kundi la kwanza nalo lisijipongeze. Likiishia Babeli, limefanya historia tu. Ricoeur, mwanafalsafa wa Kifaransa, alionyesha kwamba maandishi hayafungwi na nia ya mwandishi. Yanamfungulia msomaji ulimwengu wa kuishi ndani yake. Swali la mwisho la kikao liwe hili: aliyehamia Moshi bila kupenda, barua hii inamwita aishi vipi na majirani zake?

Wakiona ugumu wa kuihoji Biblia, wafanye kwanza zoezi kwa Azimio la Arusha la mwaka 1967, sharti la kiongozi kutokuwa na nyumba ya kupangisha. Lilimlenga nani wakati ule? Linamdai nini diwani wa leo? Ubishi utakuwa uleule, ila hakuna atakayedai amefunuliwa usiku.