Uso na slaidi: maswali yenu ya montaji (kuhariri video)

Maswali ya juma hili kutoka mitaa ya Lubumbashi karibu yote yanazunguka kitu kimoja: mtu anafundisha, ana slaidi zake, na fundi wa video hajui amkalishe wapi.

Papa, nilirekodi mafunzo ya saa mbili ukumbini. Slaidi ukutani zimekuwa nyeupe tupu, na mwalimu ni kivuli cheusi. Naweza kuviokoa kwenye montaji? (Mwanafunzi, Katuba)

Slaidi za ukutani, hapana. Mwanga ulizidi, kamera haikuhifadhi maandishi, na hakuna kitufe cha kuyarudisha. Mwalimu unaweza kumwangaza kidogo, ila atatoka na chembechembe usoni. Lakini maandishi yale hayajapotea, yako kwenye fleshi ya mwalimu. Muombe faili. Mimi siku hizi siwashi kamera kabla sijaipata, hata kama mwenye shughuli ananitazama kama mtu anayedai malipo mara mbili. Mwanga naupima kwa uso wa msemaji, ukuta na uungue upendavyo. Kazi ya ukuta ni kunionyesha tu slaidi ilibadilika dakika gani.

Kuna mtego hapo. PowerPoint ikitoa slaidi pana (za umbo la 16:9) kama picha, mara nyingi zinatoka pikseli 1280 kwa 720. Ziweke kwenye video ya 1920 kwa 1080 uone herufi zinavyokuwa kama zimepakwa mafuta. Nakili faili, ingia kwenye ukubwa wa slaidi, andika sentimita 50.8 kwa 28.58, kisha toa picha za PNG. Achana na JPEG, inaacha vumbi kuzunguka herufi.

Yaya, msemaji nimuweke wapi? Nikimuweka konani anafunika maandishi. Nikimuondoa watu wanasema video imekufa. (Dada wa Kampemba)

Dada, kabla ya wapi, uliza lini. Nilihariri somo la likelemba, yaani mchango wa kupokezana. Slaidi ilikuwa jedwali: watu 10, kila mmoja dolari 20 kwa mwezi, dolari 200 kwa mwenye zamu. Msemaji alianza kwa kisa cha mama aliyepokea zamu ya kwanza kisha akahama mtaa usiku. Dakika zote hizo nilimwacha ajaze skrini. Ningeweka jedwali pale, lingemuibia watu, maana jicho likiona maandishi linasoma tu, sikio linabaki nyuma. Kwetu hapa ni mbaya zaidi, kwa sababu slaidi ni ya Kifaransa na mdomo ni wa Kiswahili.

Aliposema "Sasa tuhesabu", jedwali lilikuwa limeshafika, nusu sekunde kabla ya neno. Nikamtoa kabisa kwa sekunde sita, sauti ikiendelea, watu wasome safu za juu. Halafu akarudi pembeni.

Hapo pembeni kuna hesabu yake. Slaidi za zamani za umbo la 4:3 zikijaza urefu wa 1080 zinachukua upana wa 1440, zinabaki pikseli 480 ambazo mtu anasimama bila kumbughudhi yeyote. Slaidi pana zipunguze hadi asilimia 75: zinakuwa 1440 kwa 810, na 480 zilezile zinabaki. Kwa kuwa nafasi hiyo imesimama wima, mrekodi kwa simu iliyosimama wima. Mpe upande ambao uso wake unaelekea slaidi. Akiipa mgongo wanaonekana kama wamegombana. Ukanda utakaobaki chini usiujaze nembo za wafadhili, waachie maandishi ya tafsiri.

Mwanzoni midomo na sauti vinakwenda pamoja, dakika ya 40 vimeachana. Picha nilirekodi kwa simu, sauti kwa kinasa cha pembeni. (Kijana, komini ya Kenya)

Simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu (picha mojamoja za video) kwa sekunde, zinapanda na kushuka, na programu ya montaji inapoteza hesabu. Pitisha video kwanza kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, chagua idadi ya fremu isiyobadilika. Siku nyingine gonganisha viganja mara moja mbele ya kamera mwanzoni, na tena mwishoni. Ukishalinganisha mlio wa kwanza kwenye mawimbi ya sauti, wa mwisho utakuambia vimeachana kiasi gani. Tofauti ndogo ikibaki, kata pale msemaji anapovuta pumzi, usogeze.

Mistari myeusi inapanda ukutani kila nikirekodi chini ya taa. (Mwalimu, Kamalondo)

Umeme wetu ni wa hezi 50. Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, iweke 1/50 au 1/100 ya sekunde.

Narekodi skrini na uso wangu kwa OBS, programu ya kurekodi kwenye kompyuta. Umeme ukakatika, na faili ya MP4 haifunguki tena. (Mama, Ruashi)

Pole, mama. Mimi nilipoteza saa moja na nusu ya mhadhara hivyohivyo, uani wakivuta kamba ya jenereta. MP4 ya kawaida ina orodha inayoiambia mashine kila fremu iko wapi, na orodha hiyo huandikwa mwishoni, ukisimamisha kurekodi. Umeme ukitangulia, umebaki na mzigo usio na orodha. Kwenye mipangilio chagua MKV, aina nyingine ya faili ya video: kilichoandikwa kabla ya giza kinabaki salama, na OBS yenyewe inakigeuza kuwa MP4 baadaye bila kugusa ubora. Iliyoharibika ijaribu na programu ya untrunc, ambayo inahitaji faili nyingine nzima uliyorekodi kwa mipangilio ileile. Mara nyingine inakubali.

Video ya saa moja imetoka giga 3.6. Initi zangu (salio la intaneti) haziwezi. (Fundi, Katuba)

Umetoa kwa megabiti 8 kwa sekunde. Jaribu 2, itatoka kama mega 900. Slaidi iliyotulia haihitaji data nyingi. Anayekula ni msemaji anayerusha mikono skrini nzima, kwa hiyo toa dakika moja ya sehemu hiyo uikague kwanza. Na zile nyota zinazozunguka nyuma ya slaidi, zitoe.

Mkubwa wangu anataka aonekane mwanzo hadi mwisho, tena akiwa mkubwa. (Asiyetaka kutajwa, mjini)

Usibishane naye. Tengeneza dakika tatu kwa namna mbili, umpe azitazame kwenye simu yake, siyo kwenye kompyuta yako. Wangu alitazama ya kwanza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akauliza ile namba ya jedwali ni 200 au 260. Kisha akasema konani juu panatosha, ila asikatwe kichwa.